Kitabu kipi na filamu ipi? Ulinganisho kwa anayetaka kuanzisha Jumamosi ya riwaya na sinema maktabani

Kuna msomaji wetu mmoja, fundi baiskeli, aliyewahi kubishana na chumba kizima kwamba wanyama walishinda. Ilikuwa Jumamosi jioni, tumetoka kuonesha katuni ya mwaka 1954 iliyotokana na riwaya ya George Orwell, Animal Farm, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la Shamba la Wanyama. Wenzake wakamwambia kwenye kitabu hawakushinda. Akanigeukia: "Dada, mimi nimekisoma mara mbili, hakuna mahali palipoandikwa wameshindwa." Nikamwomba nakala aliyoiazima. Kurasa za mwisho hazikuwepo. Zilikwishachomoka siku nyingi, gundi ya jalada imekauka, wala hapakuwa na aliyegundua. Kitabu chake kilikatikia pale nguruwe wanapoanza kutembea kwa miguu miwili, na filamu ndiyo iliyommalizia hadithi.

Tangu siku ile nimebadili namna ninavyochagua. Zamani nilitafuta filamu iliyofuata kitabu kwa uaminifu, nikiamini ndiyo inayomheshimu mwandishi. Sasa kitu cha kwanza ninachokitafuta ni mahali ambapo kitabu na filamu vinaachana njia, na mara nyingi ni mwishoni. Watu wakishaona njia mbili, wanataka kujua kwa nini, na huko ndiko kunakowarudisha kwenye rafu.

Ninajitolea kwenye maktaba ya umma ya mkoani, yenye viti arobaini, projekta moja na ukuta mweupe. Ninaowaandikia ni wakutubi, walimu na vijana wa vikundi vya kusoma wenye hali kama yetu. Nitalinganisha jozi nne nilizokwishazitumia, na ya tano nitaigusa tu.

Shamba la Wanyama

Riwaya ilitoka mwaka 1945: wanyama wanamfukuza mkulima, kisha nguruwe wanageuka mabwana wapya. Fortunatus Kawegere aliitafsiri kwa Kiswahili, ikachapishwa na East African Publishing House ya Nairobi mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Ni kitabu chembamba, kijana wa kidato cha pili anakimaliza kwa jioni tatu au nne. Filamu ina dakika 72. Waliotengeneza ni mume na mke, John Halas na Joy Batchelor, na ndiyo katuni ndefu ya kwanza ya Uingereza kuoneshwa kwenye majumba ya sinema.

Fedha zake zilitoka CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kwa siri, kupitia mtayarishaji wa Kimarekani, na watu walikuja kulijua hilo miaka mingi baadaye. Ninalitaja kwa sababu bila hilo huwezi kuuelewa mwisho.

Kwenye kitabu, wanyama wamesimama nje usiku wanachungulia dirishani. Ndani, nguruwe na binadamu wanakunywa na kucheza karata. Ghafla kelele: nguruwe mkuu na jirani yake mwenye shamba wameitupa mezani ree ya shupaza, wote wawili kwa wakati mmoja. Mmoja wao ameiba mchezo, au wote wawili. Wanyama wanatazama uso huu, wanatazama ule, hawawezi tena kusema yupi ni nguruwe na yupi ni mtu. Kitabu kinaishia hapo, wanyama wakiwa bado nje kwenye baridi.

Kwenye filamu, binadamu wameondolewa mezani. Wamebaki nguruwe watupu, wageni wa mashamba mengine. Punda mzee anachungulia, anaona nyuso zao zikigeuka kuwa za yule mkulima mlevi waliyemfukuza zamani, kisha anawaongoza wanyama kuivamia nyumba. Wanashinda. Fundi wetu hakuwa amekosea alichokiona.

Swali ninalowauliza watu ni moja: aliyelipia filamu hii aliogopa nini kwenye ile meza ya karata? Sijapata hata mara moja chumba kilichonyamaza baada ya swali hilo. Orwell aliwakalisha mabwana wa zamani na mabwana wapya meza moja, akawaonesha wote ni wezi wa karata. Aliyelipa alitaka lawama imwangukie upande mmoja tu. Mzee mmoja mstaafu wa bandari alizungumza dakika ishirini juu ya hilo bila kutaja nchi yoyote, na kila mtu alimwelewa.

Kuna urahisi mwingine wa katuni hii ambao hauandikwi popote: wahusika wake hawasemi sana, hadithi inabebwa zaidi na sauti ya msimulizi. Maana yake unaweza kupunguza sauti na kumweka kijana mwenye mdomo mwepesi asimulie kwa Kiswahili papo hapo, kama Lufufu alivyotuzoesha kwenye vibanda umiza vya video, au DJ Afro kwa majirani zetu wa Kenya. Sisi tulimpa kazi hiyo binti wa kidato cha tano, akaisoma tafsiri ya Kawegere wiki nzima ili apate maneno. Yeye ndiye aliyekijua kitabu kuliko wote siku ile.

Tahadhari moja. Katuni si lazima iwe ya watoto wadogo. Niliwahi kuwaruhusu watoto wa darasa la pili wakae mbele. Gari lilipokuja kumchukua farasi mchapakazi, yule aliyefanya kazi mpaka mapafu yakamwishia, na punda akawa analikimbilia kwa sababu amejua linakompeleka, wale watoto walilia hadi tukasimamisha filamu. Anzia darasa la sita.

Kuna toleo la televisheni la mwaka 1999 lenye wanyama halisi na vikaragosi. Nalo limebadili mwisho, utawala wa nguruwe unaporomoka wenyewe na shamba linapata wenyeji wapya. Silipendekezi. Badiliko lake halina uzito wa kubishania.

Vuta N'kuvute

Hapa lugha ni yetu pande zote mbili, na faida hiyo hakuna jozi nyingine inayoifikia. Riwaya ni ya Adam Shafi, mwandishi wa Kasri ya Mwinyi Fuad na Kuli, na Mkuki na Nyota waliichapa mwaka 1999. Filamu iliongozwa na Amil Shivji, ikaoneshwa kwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto Septemba 2021, na baadaye Tanzania ikaipeleka kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya kimataifa.

Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa kwa Raza, mfanyabiashara aliyemzidi umri kwa mbali. Anaikimbia ndoa, ndugu zake wanamkataa, anapokelewa mitaa ya Ng'ambo na Mwajuma, mwanamke asiye na kitu ila moyo. Huko anakutana na Denge, kijana anayepambana na utawala wa Mwingereza katika Zanzibar ya miaka ya 1950. Hiyo ndiyo njia kuu, kitabuni na kwenye skrini.

Tofauti na Shamba la Wanyama, hapa ugomvi hauko mwishoni peke yake, umetawanyika kote. Filamu ina takriban saa moja na nusu, na imeshika mapenzi ya Yasmin na Denge pamoja na harakati. Kitabu ni kinene, kina subira. Kinakukalisha nyumbani kwa Raza mpaka uchovu wa yule binti uwe uchovu wako, kinakuingiza chumbani kwa Mwajuma uone umaskini usio na aibu, kinakufuatisha na askari kanzu kona hadi kona. Mtu aliyeona filamu tu atakwambia hii ni hadithi ya mapenzi. Aliyesoma kitabu atakwambia ni hadithi ya mji.

Lakini filamu nayo ina kitu ambacho karatasi haiwezi kukupa. Aliyeigiza Mwajuma ni Siti Amina, mwimbaji wa taarabu hasa, siyo mwigizaji aliyefundishwa kuimba kwa wiki mbili. Akifungua kinywa unamwamini kabla hajamaliza ubeti. Ikhlas Gafur Vora ndiye Yasmin na Gudrun Columbus Mwanyika ndiye Denge. Vichochoro vya Mji Mkongwe, mwanga wa taa, mvua: wasomaji wetu wa bara ambao hawajawahi kuvuka bahari walisema hatimaye wameona walikokuwa wanasoma.

Shida yake kwangu ni wanafunzi. Kitabu kimekuwa kikisomwa kidato cha tano na sita, kwa hiyo wanakuja na madaftari, wanataka dhamira, wahusika na falsafa ya mwandishi, halafu filamu wanaigeuza njia ya mkato. Nimewaona wakiandika wakati Yasmin analia. Dawa niliyoipata ni kuacha kuuliza maswali yanayofanana na ya mtihani. Ninawauliza: Mwajuma wa kitabuni na Mwajuma wa kwenye filamu, yupi ungemwachia funguo za nyumba yako? Hapo hakuna jibu la kunakili. Inabidi urudi kwenye kurasa ukatafute ushahidi.

Jozi hii inataka wiki tano za kusoma, siyo mbili. Na ni ya watu wazima na wanafunzi wa sekondari ya juu, maana mapenzi yaliyomo ni ya watu wazima. Ukilinganisha na ya kwanza: Shamba la Wanyama linakupa jioni moja ya moto mkali, Vuta N'kuvute inakupa mwezi mzima wa mazungumzo ya polepole, na watu watakaoanza kuulizia Kuli.

Tsotsi

Kama wasomaji wako ni vijana wa mtaani ambao kitabu hawajakishika tangu waache shule, anzia hapa, tena anzia na filamu.

Athol Fugard wa Afrika Kusini aliiandika riwaya hii karibu na mwaka 1960 akaiacha, ikachapishwa 1980. Gavin Hood akaifanya filamu mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikaipatia Afrika Kusini Oscar yake ya kwanza ya filamu ya lugha ya kigeni. Ni dakika kama 94, ina muziki wa kwaito, na Presley Chweneyagae amebeba uso ambao huwezi kuacha kuutazama.

Kitabu kimesimama Sophiatown, kitongoji cha Johannesburg, miaka ya 1950, wakati makazi ya watu weusi yanabomolewa. Filamu imehamia Johannesburg ya siku hizi, baada ya ubaguzi. Hebu tazama badiliko moja tu. Kitabuni, usiku, kwenye miti, mwanamke mwenye hofu anamsukumia jambazi Tsotsi boksi la viatu, anakimbia. Ndani mna kichanga. Kwenye filamu, Tsotsi anampiga risasi mama mwenye gari la fahari mbele ya geti lake, anaondoka na gari, halafu anasikia mtoto analia kiti cha nyuma. Kitabuni mtoto anatoka kwa maskini kama yeye. Kwenye filamu anatoka kwa mtu mweusi aliyefanikiwa. Umbali kati ya maboksi hayo mawili, la viatu na la chuma, ni miaka hamsini ya nchi nzima.

Na mwisho, tena: kitabuni Tsotsi anakufa, anakimbilia magofu alikomficha mtoto wakati matingatinga yanaangusha kuta. Kwenye filamu anamrudisha mtoto kwa wazazi wake, anasimama mbele ya polisi, mikono juu. Hood alipiga hata miisho mingine, na kuna DVD zenye miisho hiyo. Ukiipata hiyo una hazina. Tuliwaonesha vijana miisho ile, kisha nikawasomea mwisho wa Fugard kwa sauti, nikitafsiri nilivyoweza. Kijana mmoja wa bodaboda akasema wa kitabu ndio wa kweli, kwa sababu mtu kama yule hapewi nafasi ya kunyoosha mikono. Mwenzake alikataa kabisa. Waliendelea kubishana hadi kwenye egesho la pikipiki.

Kasoro ni lugha. Riwaya inapatikana kwa Kiingereza, nayo si Kiingereza chepesi, na filamu inasemwa kwa lugha za mitaa ya Afrika Kusini huku tafsiri ikipita chini ya skrini kwa Kiingereza. Ina damu pia. Miaka 16 kwenda juu.

Xala

Hii inafaa kikundi kilichokwishakomaa. Ousmane Sembène wa Senegali aliandika riwaya mwaka 1973, na yeye mwenyewe akaiongoza filamu mwaka 1975. Kwa hiyo huwezi kusema muongozaji hakumwelewa mwandishi. Alipobadili kitu, alikusudia. Sembène alikuwa kuli wa bandari ya Marseille kabla ya kuwa mwandishi, na aliingia kwenye sinema kwa sababu watu aliowaandikia wengi wao hawakujua kusoma.

Tajiri El Hadji anaoa mke wa tatu, usiku wa ndoa nguvu za kiume zinamkimbia, anaamini amerogwa. Filamu imeongeza mwanzo wenye nguvu: wafanyabiashara wazalendo wanawatoa Wafaransa kwenye chama cha wafanyabiashara, masanamu yao yanawekwa nje kwenye ngazi, halafu Wafaransa walewale wanarudi na mikoba, na kila mzalendo akifungua wake anakuta noti. Hakuna mtu wa Afrika Mashariki anayehitaji kufafanuliwa hapo. Kuna pia gari la El Hadji, Mercedes, linalotiliwa maji ya Evian ya chupa. Wakaguzi wa serikali ya Senegali waliikata filamu hiyo sehemu kadhaa kabla ya kuruhusu ioneshwe nyumbani.

Kitabu ni kifupi, na Heinemann walikitoa kwa Kiingereza mwaka 1976. Filamu ni ndefu, saa mbili na ushee, ya polepole, kwa Kiwolofu na Kifaransa. Bila msimulizi wa Kiswahili nusu ya watu watasinzia. Ila hoja ya binti yake El Hadji, Rama, anayemjibu baba kwa Kiwolofu kila baba anapomsemesha kwa Kifaransa, ilituletea mjadala juu ya lugha ya kufundishia shuleni ambao hatukuwa tumeupanga.

Ya tano, kwa haraka: Cry, the Beloved Country ya Alan Paton, ya mwaka 1948, ina filamu mbili, ya Zoltan Korda ya 1951 iliyomshirikisha Sidney Poitier akiwa bado kijana, na ya Darrell Roodt ya 1995 yenye James Earl Jones. Ni kazi nzuri zote. Tulionesha ya 1995, watu wakalia, kisha mjadala ukalala, maana inaifuata riwaya hatua kwa hatua na hakukuwa na cha kubishania. Kama unazipata zote mbili, linganisha filamu kwa filamu, utapata kitu.

Kipi kitangulie

Wengi hushika kanuni moja: kitabu kwanza. Mimi sikubaliani nayo kwa kila jozi. Shamba la Wanyama, ndiyo, kitabu kwanza, kwa sababu mshtuko wote uko kwenye mwisho uliobadilishwa, na asiyeusoma hauoni. Tsotsi, filamu kwanza, kwa sababu ndiyo itakayomfanya kijana akubali kushika kitabu. Vuta N'kuvute, soma mpaka katikati, tazama filamu, kisha malizia kitabu. Tulijaribu hivyo mwaka jana na waliomaliza walikuwa wengi kuliko mara zote mbili za mwanzo. Xala, yoyote itangulie.

Ruhusa

Kununua DVD au kulipia filamu mtandaoni hakukupi haki ya kuionesha hadharani, hata kama hutozi kiingilio. Tanzania suala la hakimiliki liulizie COSOTA, na kibali na daraja la umri Bodi ya Filamu. Kenya nenda bodi ya hakimiliki, KECOBO, na bodi ya uainishaji wa filamu, KFCB. Kwa Vuta N'kuvute njia fupi ni kuwaandikia watengenezaji wenyewe, Kijiweni Productions, mradi barua iwe na mhuri wa maktaba, tarehe na idadi ya viti. Anza miezi miwili kabla. Tuliwahi kutangaza kwanza na kuomba baadaye, ikatubidi kuwarudisha watu mlangoni, na baadhi yao hawajarudi tena.

Nichague nini?

Kama ni mara yako ya kwanza, chukua Shamba la Wanyama. Kitabu chepesi, kwa Kiswahili, filamu fupi, ugomvi wa uhakika. Kama una kikundi kinachokutana tayari na mnaweza kuvumiliana mwezi mzima, Vuta N'kuvute inazidi zote, sisemi hivyo kwa uzalendo tu. Tsotsi iwekee vijana, na uwe na mtu wa kuwasomea. Xala iache mpaka mwaka wa pili.

Nakala zisipungue moja kwa wasomaji watatu, na zitoke rafuni wiki tatu kabla ya filamu. Kabla ya kuziazimisha, fungua kila moja nyuma uhakikishe ukurasa wa mwisho upo.